Kofia ya Baba Mkwe

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ameandika kuhusu filamu gazetini kwa miaka ishirini na sita. Mtaani wanamwita Tiketi. Kila filamu huiona mara mbili: mara ya kwanza kama watu wengine, mara ya pili akisaka makosa, kama shujaa wa karne iliyopita aliyesahau kuvua saa ya kisasa. Alhamisi baada ya chakula cha mchana huniletea rasimu niisahihishe, maana nilifundisha lugha sekondari mpaka nilipostaafu. Mimi hushika kalamu nyekundu. Yeye hunyoosha miguu yake iliyovimba juu ya kiti changu kizuri, na kuhusu kiti hicho hatujaelewana mpaka leo.

Alhamisi ile alifika amechoka, wala hakunyoosha miguu. Filamu ilihusu ghasia za zamani za mji wetu, wenyeji walipowageukia watu waliovuka mpaka kutafuta kazi. Ndani yake mchinjaji mwenye kofia ya pama anamuua fundi cherehani mgeni, na kaka wa fundi anamaliza ujana wake akitafuta kisasi. Mchinjaji wa kofia ya pama hapa mjini alikuwa mmoja tu, baba mkwe wangu. Kwa aliyeuliza, jibu letu lilikuwa tayari siku zote: siku ya ghasia mzee alijifungia nyumbani. Nimewalea wanangu kwa jibu hilo. Nimelisema hata kwenye msiba wa mume wangu, mbele ya watu.

Nilimwomba shemeji aandike kwamba filamu ni mbovu, yaishe. Akasema angependa sana, ila si mbovu. Imekionyesha kisasi kama kilivyo: kazi ya kuchosha isiyo na likizo.

Nikasoma. Sifa kwa waigizaji, lawama kwa muziki. Kisha aya ya mwisho: “Filamu ina kosa moja. Aliyemuua fundi hakuvaa kofia siku ile. Alimwachia mwanawe wa miaka saba amshikie.”

Mwana huyo alikuwa amekaa mbele yangu, mvi tupu. Nikaikata aya yote kwa mstari mmoja.

“Shemeji,” akasema, “wewe kazi yako ni lugha.”

“Kazi yangu ni jina la nyumba hii. Kaka yako amekufa akijua baba yake ni mtu safi.”

Akainamisha kichwa. “Kaka ndiye aliyepewa kisu akioshe.”

Miaka thelathini na moja niliishi na mwanamume asiyegusa kisu, hata cha kumenyea chungwa. Nilidhani ni uvivu. Nilimtania mbele ya wageni, naye akacheka pamoja nao.

Nguvu za kubishana sikuwa nazo tena. Nikaiandika upya aya niliyoikata, neno kwa neno, ila penye “Aliyemuua fundi” nikaweka: “Baba yetu, ambaye ndiye aliyemuua fundi.”

Shemeji akaisoma mara mbili, kama desturi yake. Akauliza kama nina hakika.

“La kuvunda halina ubani,” nikamwambia. “Peleka kabla sijabadili nia.”

Akasema atapeleka, ila kwanza apumzike kidogo. Akanyoosha miguu juu ya kiti changu, nami nikamsogezea mto.