Mshono Usiopitisha Kitu

Nashona nguo hapa Tabora. Zamani mvuvi mmoja wa Kigoma alishuka kwenye treni na vyandarua, akataka niviunganishe viwe kokoro, wavu wa kukokota. Nilijua ni marufuku. Nikapiga mishono miwili miwili, mjinga mimi, asije akasema fundi wa Tabora kalipua kazi.

Mwaka jana nikamtembelea ziwani, nimebeba kikapu cha kurudia na dagaa. Mitumbwi ilikuwa imepasuka kwa jua. Mkewe akatuandalia ugali na maharage, akaniomba radhi, samaki siku hizi hakuna.

“Lakini fundi, ule mshono wako!” mvuvi akasema. “Hata vifaranga vya samaki havikupenya.”

Sifa niliyoitafuta nikaipata, tonge la ugali na maharage mkononi.