Likizo Ambazo Sikwenda

Naapa kwa mvi zangu, zile chache zilizokataa kuhama kichwani: hii ni kweli tupu. Anayebisha aje anitazame usoni.

Nilistaafu, nikakuta vitabu vya ofisi vinanisingizia kwamba nimewahi kupumzika.

Ndiyo. Kupumzika. Mimi.

Kwenye utumishi wetu, likizo usiyokwenda haiyeyuki. Inakuwa deni la ofisi. Siku ya kustaafu unalipwa siku zote ulizochapa kazi badala ya kulala kwako.

Hela hiyo nilishaipangia. Pikipiki. Nyekundu. Nusu nyingine nilimwahidi mama watoto afungue duka la nguo, maana ahadi haitozwi kodi.

Nikaenda kwa mhasibu. Binti mdogo, miwani mikubwa, sauti ya kubembeleza kama daktari wa meno kabla hajashika koleo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimefuata likizo zangu."

Akabonyeza kompyuta. "Mzee, hapa huna kitu. Sifuri."

"Sifuri ya nani?"

"Ya kwako. Likizo zako ulikwenda zote."

Nikacheka kicheko cha mtu anayetafuta wa kumpiga.

Nikamwambia wazi: hiyo ni kazi ya mkuu aliyepita. Huyo bwana aliogopa deni kwenye hesabu kuliko alivyomwogopa Mungu. Wakaguzi wakinusa tu mlangoni, kila anayeidai ofisi anafutwa kama chaki. Lakini yeye alipoondoka alilipwa likizo zake mpaka senti ya mwisho. Mtu ambaye, kwa semina na safari, hatukujua hata kiti chake kina rangi gani.

"Una ushahidi kwamba hukwenda?" binti akauliza.

Kajileta mwenyewe mtegoni.

"Ninaye shahidi. Analala kitanda kimoja na mimi."

Kesho yake nikaja na mama watoto. Hamumjui. Mwanamke yule hajawahi kusema uongo. Ukimuuliza kama shati limekupendeza, jiandae kulivua.

Akaketi, akaweka mkoba magotini.

"Binti yangu, mume wangu ni punda."

Nikakohoa.

"Punda wa kazi, namaanisha. Miaka yote hii hajakaa nyumbani siku ya kazi. Anaumwa, anakwenda. Mvua, anakwenda. Nilijifungua kitinda mimba yuko kazini, akaja jioni kuuliza tumekula nini."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama marehemu anayesomewa wasifu.

"Kila mwaka namwambia, baba watoto, chukua likizo tukamwone mama. Ananijibu, serikali haiwezi kupumua bila mimi."

Binti akaacha kuandika. Macho yamemlowa. Mimi pikipiki naiona hii hapa, hata mlio wake nausikia.

"Na ile Desemba ya mwaka juzi, mama?" binti akauliza.

"Ilikuwaje?"

"Mkuu alitaka deni la likizo lipungue kabla ya wakaguzi kuja. Akatupeleka wote likizo kwa mkupuo. Lango likatiwa kufuli mwezi mzima. Akabaki mlinzi tu, anawaambia wananchi ofisi imepumzika, warudi ikichangamka."

Mama watoto akageuka. Taratibu mno.

"Desemba ile nilikupigia pasi shati kila asubuhi."

"Mke wangu, unajua..."

"Shati lilikuwa linakwenda wapi, baba watoto?"

"Kuna majukumu mengine ya..."

"Nimeuliza shati."

Ikabidi nikiri: shati lilikuwa linakwenda kwa fundi viatu, nyuma ya stendi, kucheza karata. Desemba ile, na likizo ya mwaka wa kabla yake, na ya kabla ya hiyo.

Sasa msinitolee macho. Niliapa kwamba hadithi ni ya kweli. Sikuapa kwamba mimi ni wa kweli.

Nilitegemea kelele. Hakupiga. Akamgeukia mhasibu kwa upole wa kutisha.

"Mwanangu, hebu nifundishe. Mtu akifanyishwa kazi miaka yote bila likizo, inakuwaje?"

"Inabaki deni, mama. Linalimbikizwa mwaka hadi mwaka."

"Hata kama mwajiri mwenyewe alikuwa anacheza karata?"

Binti akanitazama, akajificha nyuma ya miwani yake. "Hata hapo, mama. Deni halimwulizi mtu alikuwa wapi."

Wiki hiyohiyo mama watoto akafunga begi, akaenda kwa mama yake. Nikapiga simu kuuliza anarudi lini.

"Bado niko kwenye likizo ya mwaka wa kwanza wa ndoa," akasema. "Tena usinisumbue, mtumishi akiwa likizo hapigiwi simu."

Haya nayaandika kwa kidole kimoja. Vingine vimeungua kwenye sufuria. Nguo ziko kwenye beseni tangu juzi, na wajukuu wameniletea malalamiko ya maandishi kuhusu uji.

Funzo? Ukitaka kudai kisicho chako, nenda peke yako. Ukimpeleka shahidi mkweli mbele ya mhasibu mzuri, utaingia mdai, utatoka mdaiwa.

Na mdai wako hana haraka. Yuko likizo.