Kikapu Chini ya Meza

Juzi sokoni Voi nilipita karibu na mama aliyeloweka nyuzi za mkonge kwenye beseni. Harufu ile ya majani yaliyoanza kuoza ikanirudisha darasa la nne, mimi huyo na kikapu changu kilichopinda.

Mwalimu alikuwa amesema kila mtoto asuke kikapu cha siku ya wazazi. Mama yangu alisukia watu mtaa mzima, lakini changu hakukigusa. Alinionyesha tu, nami nikasuka wiki mbili mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nilishaota kikiwekwa katikati ya meza.

Siku yenyewe mwalimu alikigeuzageuza, akacheka. "Hiki ni kikapu ama kiota cha kuku? Weka chini ya meza, wageni wanakuja."

Juu ya meza kilikaa kikapu cha mtoto wa jirani, chenye mistari ya zambarau. Nilikijua. Mama alikisuka nikimwona, baada ya jirani kumwambia ni zawadi ya harusi. Mtoto yule akashika nambari moja, na mwalimu akamwita fundi mdogo. Mama akapiga makofi pamoja na wazazi wengine, polepole, macho kwenye ile mistari.

Tulipotoka getini nikalia. "Kile ni chako, mama. Mbona mimi hukunisukia?"

Aliinama akanifunga kifungo cha sweta.

"Si mwalimu alisema msuke wenyewe?"