Muhuri Namba Kumi na Saba

Kwa miaka ishirini na sita fundi mmoja aliyanyeshea mapanga ya turbini, mabawa yanayozungusha mtambo, mvua ya vigololi vya chuma, ili ngozi ya mapanga hayo ijikaze na isifanye nyufa yanapozunguka katika joto kali. Kelele za kazi hiyo zilimla masikio. Kila panga lililomridhisha aliligonga muhuri wake shinani, namba kumi na saba.

Sharti lilikuwa moja: tanuri kwanza, vigololi baadaye, kwa kuwa tanuri hulegeza kila kilichokazwa. Wiki moja msimamizi, mume wa dada yake, alibanwa na muda akageuza mpangilio. Fundi akakataa kugonga muhuri.

"Jamani, kiziwi wetu amesikia chuma kinalia!" msimamizi akawatangazia mafundi wengine, nao wakaangua kicheko.

"Shemeji, yarudi kwenye vigololi. Siku moja tu."

"Siku moja sina." Akamnyang'anya muhuri, akayagonga mwenyewe mapanga yote arobaini.

Miezi mitatu baadaye panga moja lilikatika likamuua mwendesha mtambo. Wachunguzi walisoma namba kumi na saba kwenye shina lililobaki. Wale waliocheka walipoulizwa, hakuna aliyekumbuka kitu.

Barua ya kufukuzwa kazi fundi aliletewa na dada yake. Alimwinamia sikioni, akapaza sauti hadi majirani wakatoka milangoni.

"Shukuru, kaka! Mume wangu amekutetea. Amewaambia hukusikia maagizo."