Ndugu Katika Kizimba Kimoja

Miaka ya themanini nilikuwa mtunza panya katika maabara ndogo ya utafiti wa tauni, Karatu. Usicheke. Mshahara wangu ulitoka kwa wafadhili wa Ulaya, nao hawakutaka panya wa maghalani. Walitaka koo mbili tu, weupe na weusi, wanaozalishwa dada kwa kaka, kizazi hadi kizazi, mpaka wafanane kama matofali ya kalibu moja. Sharti lao lilikuwa tuwagawie panya hao watafiti wa kwingine pia. Tukishindwa, msaada unakatwa, maabara inafungwa, nami narudi kwetu Mang'ola kupalilia vitunguu vya watu.

Siku ya kuja mgeni wa wafadhili kuchukua kizazi kipya, vichanga na mama zao, niliwahi maabara kabla ya wote. Nikafunua kizimba cha weupe. Vichanga vilikuwa vimeanza kuota manyoya. Ya kijivu! Nikafunua cha weusi: kijivu. Jamani!

Mama aliyetufanyia usafi, mkulima wa Ganako, akaingia na ndoo yake. Nikamuuliza kama kuna panya aliyetoroka.

"Hajatoroka mtu, mwanangu. Ulipokuwa likizo mwezi jana, nilihamisha madume kabla hawajatengwa. Weusi kwa weupe, weupe kwa weusi."

"Kwa nini, mama?"

"Si mlisema ni ndugu? Sisi hata beberu hatumwachi na dada zake, tunabadilishana na jirani. Nyie wasomi mnawafungia humo wafanye machukizo, halafu mnatazama! Hata aibu hamna?"

Nilitaka kumfokea, lakini woga ulizidi hasira. Nikajipa moyo: vizimba ni vingi, labda kuna vilivyosalimika, tutampa mgeni hivyo. Nje gari likapiga honi. Nikamsikia daktari wetu, mkuu wa maabara, akimkaribisha mgeni, akimsifia koo zetu kwamba ni safi, hazijachanganyika hata kidogo.

"Mama, nakuomba, niambie haraka. Vizimba gani hukuvigusa?"

Akanitazama kwa masikitiko, kama vile nimemtukana.

"Mwanangu, mimi nina ubaguzi? Niwaonee huruma hawa, wale niwaache? Nimehamisha wote."

Mlango ukafunguliwa. Mgeni akaingia akitabasamu, amebeba masanduku yake.