Chuma Hupimwa Kikipoa

Nilifika kwenye ile atelye, karakana ya vyuma, kwa sababu ya pini moja isiyozidi kidole changu kidogo.

Nilikuwa mshonaji. Nilishona pembeni ya soko la Nyakasanza, mjini Bunia, kwa cherehani ya kukanyaga ambayo mama aliinunua tulipohama kutoka Butembo baada ya baba kufariki. Asubuhi moja ule mkono wa chuma unaounganisha kanyagio na gurudumu ukaanguka chini. Pini yake ilikuwa imelika mpaka imebaki nyembamba kama mwiba wa samaki. Nilizunguka maduka yote na jibu lilikuwa moja: ngoja, labda itatoka Kisangani, labda Kampala. Mwanzo wa miaka ya themanini, kungoja kitu kitoke Kisangani kulikuwa kungoja mpaka mahindi yavunwe na kuliwa.

Muuza misumari mmoja akanihurumia. "Mama, peleka kule Rwambuzi. Iko muzee moja anatengenezaka vyuma."

Atelye yenyewe ilikuwa banda la mabati, sakafu nyeusi kwa mafuta. Yule muzee alikuwa mtu mfupi, mwenye miaka hamsini na kitu, aliyejifunza kazi kwa Wazungu kwenye machimbo ya dhahabu kabla ya uhuru. Aliipima pini yangu kwa kifaa alichokiita kulisi. Akaipima tena. Akaipima mara ya tatu. Kisha akabana kipande cha chuma kwenye mashine ya kukereza, ile waliyoiita tuuri, akaiwasha. Chuma kikazunguka, kisu kikakigusa, na utepe mwembamba wa bluu ukaanza kutoka ukijikunja.

Nilikuwa nimekata vitambaa miaka sita. Sikuwahi kufikiri kwamba chuma nacho kinakatwa, tena kwa utulivu vile.

"Muzee," nikamwambia, "minaweza jifunza hii kazi?"

Aliniangalia usoni, akaangalia kikwembe nilichojifunga kiunoni. "Weye uko na kazi yako."

"Njo," nikakubali. "Lakini cherehani yangu ikikufa, minakuya kwako. Mashine yako ikikufa, weye unaendaka kwa nani?"

Akacheka kidogo. "Minatengeneza mwenyewe."

"Basi na miye minataka vile."

Akanipa pini yangu mpya. Siku iliyofuata nilirudi, akanisalimia tu. Siku ya tatu alikuwa ameniwekea mezani kipande cha chuma ukubwa wa mche wa sabuni, na tupa yenye mpini wa mti. Akaniwekea na ekeri, kile kipimo cha pembe.

"Nyoosha pande zote sita," alisema. "Ekeri ikikaa juu yake, mwangaza usipite. Ukimaliza tutaongea."

Nilishona asubuhi, nikapiga tupa mchana. Juma la kwanza viganja vilitoka malengelenge, juma la pili yakapasuka. Kila nilipodhani nimemaliza nilimpelekea muzee. Aliweka ekeri juu ya chuma, akakiinua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja.

"Iko mwangaza."

Maneno ni hayo tu. Nilirudi kwenye meza. Ukiondoa kidogo huku, kule kunainama. Ukinyoosha kule, huku kunakuwa mgongo. Nilijifunza kusimama upya, mguu mmoja mbele, nisukume kwa mwili mzima, si kwa mikono.

Mama alikuwa akinipaka mawese viganjani na kulalamika. "Mutoto yangu, nani ataoa mikono kama hii?"

"Mama, atakayekuya ataikuta vile iko."

Yule muzee alipoinua chuma changu dirishani na kukosa mwangaza, ilikuwa juma la sita, na ule mche wa sabuni ulikuwa umebaki kama kiberiti. Akanirudishia. "Kesho utakuya ku mashine."

Pale mashineni ndipo tatizo la nguo lilipoanza. Siku yangu ya pili ncha ya kikwembe ilipeperuka, ikanaswa. Nilihisi navutwa kiunoni kama mtu ameshikwa na mwizi. Muzee alirukia swichi. Mashine ikasimama, kikwembe kimejiviringa kwenye chuma, na mimi nimebaki na sketi ya ndani, tumbo langu kiganja kimoja tu kutoka kwenye meno ya kubania.

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo. "Mashine haijue mama! Haijue muzee! Inajua kuzunguka!"

Mle atelye kulikuwa na mtu mwingine, fundi wa kuchomelea, mwanaume mrefu ambaye hakunisalimia tangu siku ya kwanza. Akasema bila kuinua kichwa, "Miye nilisema. Kazi hii haiko ya banamuke."

Jibu rahisi lingekuwa suruali. Lakini miaka ile mwanamke kuvaa suruali kulikatazwa na serikali. Ungefika njia panda ya kwanza ungesimamishwa na kuaibishwa mbele ya watu. Nilikwenda nyumbani. Kesho yake nilinunua turubai la zamani la hema, nikakaa kwenye cherehani yangu, nikajishonea gauni ambalo sijawahi kumshonea mteja yeyote: jembamba, refu kupita magoti, mikono imebana mpaka kwenye vifundo, bila mkanda, bila mfuko wa nje, bila uzi hata mmoja unaoning'inia. Kitambaa cha kichwa nikakichomeka ndani ya ukosi. Muzee alinizunguka akivuta huku na huku, akitafuta mahali mashine ingeweza kunishika. Hakupata.

"Washa," akasema.

Nilijifunza miaka miwili. Tuliwasha mashine asubuhi tu, maana mazutu, yale mafuta ya jenereta, yalikuwa shida. Mchana tulinoa visu, tukachora vipimo, tukasafisha. Nilijifunza kwamba huachi ufunguo kwenye mashine hata kama umeitwa na mama yako. Kwamba vipande vya chuma vinaondolewa kwa burashi na havishikwi kwa mkono. Kwamba mtu akiwa anapima husemi naye, hata salamu inangoja.

Kisha muzee akaugua ngiri, akalazwa hospitali kupasuliwa. Alikuwa na siku nne hospitalini alipofika mtu kutoka Tchomia, kule ziwani, juu ya lori la samaki, amebeba chuma kilichofungwa kwenye mkeka. Kilikuwa kile chuma kirefu kinachotoka kwenye mota ya mtumbwi mkubwa na kuzungusha helisi, yale mapanga yanayosukuma mtumbwi, ndani ya maji. Kilikuwa kimevunjika vipande viwili.

"Muzee iko wapi?" akauliza.

"Hospitali," nikasema. "Lakini minaweza kukitengeneza."

Aliangalia nyuma yangu, kama vile nimesimama mbele ya fundi mwenyewe. Fundi wa kuchomelea akainuka. "Lete, baba. Miye nitaunganisha, leo utarudi nayo."

Nilisema pale pale kwamba chuma kile kikichomelewa hakitanyooka, na kwamba kitavunjika tena kando ya lile unganisho. Walinisikia wote wawili. Mtu wa Tchomia akaondoka jioni na chuma chake kilichochomelewa.

Siku ya sita alirudi na chuma kile na helisi yake. Chuma kilikuwa kimevunjika, kando ya unganisho, wakiwa majini. Walipiga kasia mpaka ufukweni na upepo ukiwapinga. Safari hii aliniangalia mimi.

"Mama, sema tena vile ulisema."

Nilipata chuma kigumu kwenye ekseli ya lori lililokufa. Kabla sijaanza nilikwenda hospitali. Muzee alikuwa amelala ubavu, amekonda. Nilimweleza yote, nikamwuliza nianzie upande gani.

"Weye ungeanzia wapi?"

Nikamwambia.

"Basi kwa nini umetembea mpaka huku?" akasema, akafumba macho.

Nilikereza asubuhi mbili. Ya pili, jenereta lilikuwa likikohoa, mazutu yanakwisha, nami niliharakisha mahali helisi inapokaa. Nilipima chuma kikingali moto cha kuunguza kidole. Kipimo kilikuwa sawa kabisa. Mashine ikazima. Nilikunywa maji, nikangoja, nikajaribu helisi: iliingia bila kusukumwa. Ikacheza. Nikapima tena, mara tatu. Chuma kilikuwa kimepoa na kusinyaa, pungufu kwa unene wa unywele.

Fundi wa kuchomelea alikuja akaitikisa. "Weka kibati cha kopo hapo katikati," alisema kwa sauti ya chini. "Itabana. Nani ataona?"

Nakiri niliwaza. Mtu wa Tchomia alikuwa nje anakula muhogo, ameshangoja siku mbili. Kibati kingebana mwezi, labda miwili. Kisha kingelika, na watu wangekuwa katikati ya ziwa wakati huo, na mimi ningekuwa Bunia nimekaa kivulini.

Nilitoka nje na chuma mkononi. "Baba, nimekiharibu. Nilipima kikiwa moto. Inapashwa nianze ingine."

Aliacha kutafuna. "Siku mbili tena? Batu yangu bamekaa tu! Samaki ya kukausha hakuna!"

"Minajua."

"Na hiyo ingine, ukiharibu?"

"Nitaanza ya tatu."

Aliondoka bila kuniaga. Nilidhani ndiyo basi. Nilirudi ndani, nikakaa kwenye sanduku la vifaa. Sikulia, lakini sikuwa mbali na kulia. Ekseli nyingine sikuwa nayo.

Kesho yake asubuhi nilikuta mtu wa Tchomia mlangoni na kidumu cha mazutu, sikumwuliza alikitoa wapi. Nusu saa baadaye akafika fundi wa kuchomelea akisukuma baiskeli, ekseli ya lori imefungwa juu yake kwa mpira, jasho linamtoka. Akaishusha miguuni mwangu.

"Iko nzito," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha neno lisilokuwa dharau.

Yeye ndiye aliyelinda jenereta siku zile mbili. Mimi nilikata kidogo kidogo. Kila nilipokaribia kipimo nilizima mashine, nikasimama, mikono nyuma ya mgongo, mpaka chuma kipoe kabisa niweze kukishika kwa kiganja kizima. Mtu wa Tchomia aliniuliza mara moja kwa nini nimesimama tu. "Mama anangoja chuma," fundi wa kuchomelea akamjibu, "hapana semesha yeye." Mwishoni helisi ilikataa kuingia kwa vidole, ikaingia kwa kusukumwa na kiganja, polepole, mpaka mwisho, ikakaa.

Muzee alirudi baada ya majuma matatu, akitembea na fimbo. Chuma cha Tchomia kilikuwa kimeondoka zamani, hakukiona. Alichokiona ni kile nilichoharibu, nilichokiacha mezani. Alikipima.

"Ulipima ikiwa moto."

"Njo, muzee."

"Na miye niliharibu vile, kule machimboni. Tatu, moja nyuma ya ingine." Akakiweka chini, akaenda kukaa kwenye kiti chake, na kwa ncha ya fimbo akamwelekeza kwangu mtu aliyekuwa amemletea kazi ya mashine ya kusaga.

Cherehani niliiuza mwaka uliofuata, kwa binti wa jirani yetu. Mama aliomboleza kidogo, kisha akaanza kuwaambia watu kanisani kwamba mtoto wake anakata chuma kama sabuni, jambo ambalo si kweli, lakini sikumsahihisha.

Mtu wa Tchomia nilimwona tena msimu wa mvua. Aliingia atelye amebeba mfuko, akamwaga mezani helisi ya shaba, mapanga mawili kati ya matatu yamekatika.

"Tuligonga jiwe," alisema. "Chuma yako haikupinda. Hii ndiyo ilikufa. Unaweza kutengeneza?"

Niliigeuza mkononi. Kazi ya shaba ni kuyeyusha na kumimina kwenye mchanga, na hilo sikuwa nimelifanya hata siku moja. Wala muzee, nilimwangalia, akatikisa kichwa.

"Minajua hapana," nikamwambia. "Lakini acha hapa. Nipe mwezi moja."

Kisha nikaenda kumwuliza fundi wa kuchomelea moto wa kuyeyusha shaba unawashwaje.