Kuuza Ng'ombe Kabla Hajakonda

Naikumbuka asubuhi moja huko Kimali, mwanangu, mwaka ule nilioolewa. Mvua ilikuwa imekata tangu Januari, pamba ndiyo kwanza inatoa maua, na malisho yameanza kugeuka rangi. Mama mkwe wangu, mjane tuliyeishi naye, alimwita mume wangu Masanja zizini akamwambia, "Peleka ng'ombe wanne mnadani wiki hii."

Masanja alicheka kidogo, kwa adabu. "Mayu, mama yangu, mvua itarudi. Nikiuza sasa watu watasema nimeshindwa kuutunza mji wa baba."

Unajua mwenyewe, kwetu Wasukuma ng'ombe ni heshima ya mtu. Kijana aliyerithi zizi juzi tu, akianza kulipunguza, ni aibu. Mimi nilikuwa mgeni pale, nikawatazama kutoka mlangoni.

Mama hakubishana. Alifungua lango akamtoa ng'ombe mwekundu aliyepewa kutoka kwenye mahari ya binti yake. Huyo alikuwa wake, hakuna wa kumuuliza, na alimpenda sana. Akajifunga kanga kiunoni, akaanza kumswaga mwenyewe kuelekea mnadani.

Masanja alimtazama mpaka akakaribia kupotea machoni. Kisha akachukua fimbo, akatoa wengine watatu, akamfuata.

Waliuza vizuri, maana ng'ombe walikuwa bado wamenona na wauzaji wachache. Wakarudi na mahindi ya kula, na mashudu ya pamba ya kuwalisha waliobaki, hasa maksai wawili wa kulima. Jioni mama alikwenda kukamua. Nikamkuta amesimama mahali alipokuwa akilala yule mwekundu, kibuyu mkononi, amesahau kilichompeleka.

Mvua haikurudi. Pamba tulivuna kidogo sana. Jirani yetu, mzee Nkwabi, alingoja mpaka ng'ombe wake wakabaki mifupa, akawapeleka wakati kila mtu anapeleka. Waliofika waliuzwa kwa bei ya mbuzi, wengine walifia njiani. Mvua za msimu uliofuata zilimkuta hana hata maksai mmoja.

Alikuja kwetu asubuhi, akasimama mbali na mlango. "Mwangaluka," alitusalimu, akawatazama maksai wetu zizini.

"Mwangaluka, baba," Masanja akamjibu. "Kesho tutaanza na shamba lako."

Siku ile nilimpenda mume wangu kuliko siku ya harusi.

Sasa, mwanangu, zamani mwaka wa namna ile ulikuja mara chache. Leo hauishi kurudi. Mvua inachelewa, ikija inashuka kwa fujo, halafu inakatika wakati pamba ina maua, na mfuko wa mkulima unabaki mtupu. Kwa hiyo usingoje uhakika. Ukiona majani yanakauka kabla ya wakati wake, uza wachache wangali na afya, nunua chakula cha nyumbani na cha mifugo, na maksai wa kulima usiwaguse. Usitegemee pamba peke yake. Panda na mtama. Wakisema umefilisika, waache waseme, wanao hawatashiba maneno yao. Na jirani akikwama, mlimie, bila kumkumbusha kwamba uliona mapema.

Mungu akupe mvua ya kiasi, aulinde mji wako na wote walio ndani yake, na akupe moyo wa kuachia unachokipenda wakati bado kinaweza kuwasaidia unaowapenda.